Dozi yangu iliandikiwa mtu anayelala usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala ya afya mliyoitoa hivi karibuni kuhusu matumizi ya insulini, sindano inayoshusha sukari kwenye damu. Mwandishi alijitahidi na mengi aliyoyasema ni ya kweli. Lakini kuna sentensi moja niliyoirudia mara tatu nikiwa siamini: kwamba mgonjwa wa kisukari akifuata dozi aliyoandikiwa, asubuhi na jioni bila kuruka, hatapata shida. Mimi niliifuata yangu miezi mitano bila kuruka hata siku moja, na nusura inizike.

Mimi ni mlinzi. Nina miaka 51. Kisukari cha aina ya pili ninaishi nacho mwaka wa kumi na mbili sasa, na insulini nilianza miaka saba iliyopita, vidonge vilipokuwa havitoshi tena. Zamu yangu ni ya usiku: naingia langoni saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Mlo wangu mkubwa ni wa saa sita usiku na usingizi wangu ni wa mchana. Siku niliyoandikiwa sindano hakuna aliyeniuliza habari hizo, na mimi sikujua kwamba zinahusika.

Nilipewa insulini ya mchanganyiko, ile ya 70/30. Kwa asiyeijua, chupa moja imebeba insulini mbili. Asilimia 30 ni ile iliyo safi kama maji, inayoanza kazi baada ya nusu saa hivi na kushughulikia mlo ulio mbele yako. Asilimia 70 ni ile nyeupe kama maziwa, ya mwendo wa pole, ambayo hufika kilele cha nguvu zake kati ya muda wa saa 4 na saa 10 hivi baada ya kujidunga. Kwa mtu wa mchana mpango huu una akili. Anajidunga asubuhi, ile safi inapokea kifungua kinywa, ile nyeupe inapanda polepole mpaka inakutana na chakula cha mchana. Jioni anajidunga kiasi kidogo, anakula, analala. Ndiyo sababu mara nyingi theluthi mbili za dozi ya siku huwekwa asubuhi na theluthi moja jioni. Mimi niliandikiwa yuniti (ndicho kipimo cha insulini) 24 asubuhi na yuniti 12 jioni.

Sasa nitieni mimi ndani ya mpango huo. Nafika nyumbani saa moja asubuhi, najidunga 24, nakula, saa mbili niko kitandani. Saa tano ile nyeupe inaanza kushika kasi. Saa sita, saa saba, saa nane iko kileleni, inatafuta chakula cha mchana ambacho hakipo, kwa sababu mwenye mwili amelala fofofo. Naamka saa tisa alasiri. Jioni, kabla ya kutoka, najidunga zile 12 na kula na familia. Halafu usiku, ambao kwangu ndio mchana, nakula mlo wangu mkubwa saa sita na kitu kingine saa kumi alfajiri, nikitegemea masalia ya zile yuniti 12.

Kwa wiki nyingi niliamka alasiri shuka imelowa jasho, kichwa kinagonga, nikiwa nimeota ndoto za kukimbizwa. Nilidhani ni uchovu wa kukesha. Wenzangu wa zamu nao hulalamika vichwa, kwa hiyo sikuona ajabu.

Siku za kliniki nilikwenda moja kwa moja kutoka kazini, niwahi foleni nikalale. Nikipimwa sukari saa mbili asubuhi: 14.8, kwa milimoli kwa lita. Daktari anatazama namba, anatazama kadi, anasema dozi haitoshi. Ya asubuhi ikapanda kutoka 24 hadi 28. Safari iliyofuata ilikuwa 13.9, ikapanda hadi 32. Naamini alinitakia mema. Alitibu namba aliyoiona. Lakini namba ile ilizaliwa na mlo wa usiku, na alichoongeza ni insulini ya kufanya kazi mchana nikiwa usingizini. Tena kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kilirudi na asilimia 7.4, nikapongezwa. Sukari ya juu ya usiku na sukari ya chini ya mchana zikichanganywa, wastani wake unapendeza macho.

Siku ya nne tangu nianze zile 32, mke wangu alirudi nyumbani saa saba mchana kufuata kitu alichosahau. Saa hizo kwa kawaida hayupo. Alinikuta nakoroma kwa sauti asiyoijua, nimelowa chapachapa. Aliniita sikuitika. Aliponitikisa nilimsukuma na kumtolea maneno ambayo sijawahi kumwambia katika miaka 23 ya ndoa yetu. Akachukua mashine yangu, akanitoboa kidole: 2.4. Chini ya 4 sukari imeshashuka, na chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kuishiwa chakula chake. Mungu ambariki, hakunimiminia kitu mdomoni nikiwa sijitambui, maana ningepaliwa. Alinikalisha, akaendelea kuniita mpaka akaona naweza kumeza, ndipo akaninywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Baada ya dakika 15 akapima tena: 3.6. Akanipa mengine. Ningekuwa sirudiwi na fahamu angekuwa njiani kunipeleka hospitali. Mimi sehemu kubwa ya haya nilisimuliwa.

Tulirudi kliniki wote wawili wiki ileile. Safari hii alitupokea muuguzi, dada wa makamo, na kabla hajaifungua kadi aliuliza: “Baba, unalala saa ngapi?” Mke wangu akajibu kabla yangu. Yule dada akaweka kalamu mezani, akasema: “Kumbe dozi hii tumemwandikia mtu mwingine.”

Hakubadilisha kila kitu siku hiyo. Alimwita daktari, ile ya asubuhi wakaipunguza palepale kwa sababu ilikuwa hatari, kisha akanipa kazi ya siku tano. Nipime nikiamka, kabla ya kila mlo, muda wa saa 2 baada ya mlo mkubwa, na mara moja katikati ya usingizi. Mke wangu atege kengele aje anipime saa saba mchana. Kila namba iandikwe na saa yake, chakula kilikuwa kingi au kidogo, nilikuwa nimekaa au nazunguka. Akanikataza kuandika “asubuhi” na “jioni”. Niandike “nimeamka”, “kabla ya kazi”, “katikati ya zamu”, “kabla ya kulala”.

Mhariri, mimi kuandika ndiyo kazi yangu. Langoni naandika kila gari: limeingia saa ngapi, limetoka saa ngapi, limebeba nini. Sikuwahi kuwaza kwamba mwili wangu nao una lango, na kwamba nilikuwa nauacha bila daftari.

Siku tano zilipokwisha, karatasi ilijisomea yenyewe. Mchana, namba za 3 na 4. Usiku wa manane, 13 na 15. Wakageuza dozi: kubwa ikawa kabla ya kazi, yuniti 20, ndogo ikawa kabla ya kulala, yuniti 10. Jumla yake ni ndogo kuliko hata dozi niliyoanza nayo, acha ile ya 32. Na sukari ya kutokea kazini ikashuka hadi 9 huku ya mchana ikitulia kwenye 6 na 7. (Hizi ni yuniti zangu mimi, zilizopangwa na walionipima. Tafadhali asizichukue mtu kuzijaribu.)

Nataka nikae kidogo hapa kwenye neno dozi, maana nimejifunza kwamba yuniti 20 za leo zaweza zisiwe yuniti 20 za jana hata kama alama kwenye bomba ni ileile.

Lile tope jeupe hutuama. Mimi nilikuwa naitoa chupa, nachoma, narudisha. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, kwa hiyo ilinifikisha karibu mwezi. Mwanzoni mwa mwezi navuta zaidi maji safi, mwishoni navuta tope zito. Sukari yangu ilikuwa na tabia zake mwanzo wa chupa na tabia nyingine mwisho, na hakuna aliyeelewa kwa nini. Dawa yake ni kuibiringisha chupa taratibu kati ya viganja mpaka rangi yote ifanane, bila kuitikisa kwa nguvu ikatoa mapovu. Ikibaki na chembe au utando uliogandia kwenye kioo, hiyo si ya kutumia.

La pili ni ngozi. Yule dada aliniomba nipandishe shati, akapapasa tumbo langu kwa vidole, akasimama pembeni ya kitovu upande wa kulia. Palikuwa na uvimbe laini kama mto mdogo. Nilikuwa nachoma hapohapo siku zote kwa sababu hapaumi. Hapaumi kwa kuwa pameharibika: mafuta yamejijenga chini ya ngozi, na insulini inayoingia humo inanyonywa ikipenda, leo nusu, kesho yote. Alinielekeza nizungushe, tumbo upande huu na ule, mapaja, kila tundu liwe mbali na jingine kwa upana wa kidole. Na akanipa onyo ambalo nalisambaza kwa kila ninayemjua: ukihama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ngozi nzima, insulini yote sasa itaingia, kwa hiyo dozi huenda ikabidi ipunguzwe, na upime mara nyingi zaidi siku hizo. Mimi nilihamia pajani na siku ya pili nilikuwa 3.1 nikiwa nimesimama langoni.

Tatizo lililobaki lilikuwa siku za mapumziko. Siku mbili katika wiki narudi kuwa mtu wa mchana kama familia yangu, na ile dozi iliyogeuzwa ikawa imegeuka upande usio. Kwa muda nilikuwa na karatasi mbili ukutani, ya kazini na ya mapumziko, na siku ya kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mwishowe daktari alinihamishia kwenye insulini mbili tofauti. Ya muda mrefu mara moja kwa siku, saa kumi na moja jioni, niwe kazini au nyumbani. Hiyo inakwenda karibu muda wa saa 24 bila kilele kikubwa. Na ya haraka, ambayo najidunga tu chakula kinapokuwa mbele yangu, iwe saa sita ya mchana au ya usiku. Hiyo inaanza ndani ya dakika 10 hadi 20 na kumaliza kazi yake baada ya muda wa saa 3 hadi 5. Nisipokula, ya haraka naiacha. Ya muda mrefu siiachi hata nikiumwa na sina hamu ya kula, maana homa yenyewe hupandisha sukari. Ni sindano nyingi zaidi na stripu nyingi zaidi za kupimia, na si kila mtu anaihitaji. Mchanganyiko unawafaa wengi, ilimradi umepangwa kwa saa zao.

Ila nayo ina mtego wake, nao nilinasa. Usiku mmoja baada ya kula nilipima nikakuta 16.4. Nilijidunga yuniti za kushusha kama nilivyofundishwa. Baada ya muda wa saa moja nikapima: 15.8. Nikaona haijafanya kitu, nikajidunga tena. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Zikakutana mbili mwilini. Saa tisa usiku lilikuja gari, nikaanza kuliandika, na mkono ukakataa. Namba ya gari niliiandika mara mbili, mstari ukapanda juu ya mwingine. Nina ule ukurasa mpaka leo. Mwandiko si wangu. Mwenzangu wa zamu aliniona nimesimama naiangalia kalamu, akanitolea vidonge vya glukosi, yaani sukari, mfukoni mwangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimemwonyesha mfuko upi. Tangu usiku huo sirudii insulini ya kushusha kabla muda wa saa 4 haujapita, isipokuwa daktari aseme vingine.

Na tangu usiku huo kila mlinzi mpya anayepangwa nami namweleza katika zamu yetu ya kwanza: nikianza kujibu ovyo, nikitoka jasho kwenye baridi, usidhani nimelewa, mfuko wa kushoto.

Jambo jingine ni dogo, lakini nyumbani kwangu niliponea chupuchupu kwa sababu yake. Kadi yangu iliandikwa “6U”, na ile U ilikuwa imefungwa kwa juu. Binti yangu alinisomea kwa sauti siku niliyokuwa sina miwani: “Baba, sitini.” Bomba la yuniti 100 lina nafasi ya 60 bila shida yoyote, chombo chenyewe kisingenizuia. Nilishtuka kwa sababu nilijua dozi yangu. Aliyeanza jana angejuaje? Nawasihi wanaoandika kadi zetu waandike neno zima, yuniti. Ni herufi sita.

Lindo likiwa kimya huwa nasoma, na nimesoma kuhusu mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada. Alichomwa tarehe 11 Januari 1922. Sindano ile haikumsaidia vya kutosha, na mahali ilipoingia pakafanya jipu. Hawakuendelea kumchoma vilevile kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Walisimama, mwanakemia James Collip akarudi maabara kuisafisha ile dawa, na tarehe 23 mwezi uleule wakaanza upya, na sukari ikashuka. Kijana akaishi miaka 13 mingine. Namfikiria sana. Mgonjwa wa kwanza kabisa alitazamwa, yakaonekana majibu yake, tiba ikarekebishwa.

Kwa hiyo sipingi kwamba dozi ifuatwe, Mhariri. Nimeona watu wakiacha sindano kwa sababu jirani kasema, na wengine wakijiongezea kwa hasira ya namba moja mbaya. Namba moja haibadilishi dozi. Mimi na yule dada tulikubaliana tunatafuta jambo linalojirudia siku tatu mfululizo saa ileile ndipo tunaligusa, isipokuwa sukari ikishuka chini, hapo hatungoji, tunapunguza. Ninachokipinga ni kumwambia mgonjwa afuate, mkaishia hapo. Sisi tunaoamka wengine wakilala ni wengi: walinzi, madereva wa masafa, wavuvi, wafanyakazi wa viwandani, hata wauguzi wenyewe. Mkituandikia asubuhi na jioni, tutawatii, na utiifu wetu ndio utakaotuangusha.

Mwandishi wenu wa afya ana kalamu nzuri. Namwomba atafute daktari wa kisukari na muuguzi mmoja anayefanya zamu, aandike makala kamili kuhusu insulini kwa watu wa usiku: nini kifanyike siku ya kuvuka kutoka zamu kwenda mapumziko, aanze kupimwa lini anayeanza kukesha, na familia impimeje aliyelala mchana bila kumwamsha. Hilo la mwisho mke wangu amelimudu, anatoboa pembeni ya ncha ya kidole, nami nageuka ukutani naendelea kulala. Akihitaji daftari langu la siku zile tano, lipo. Nitalileta ofisini kwenu mwenyewe, saa yoyote baada ya saa tisa alasiri.

Mlinzi wa zamu ya usiku,
msomaji wenu wa miaka mingi